Maji ya Mungu, Kifuniko cha Watu

Katika vijiji vingi vya Ufaransa, uwanjani mbele ya kanisa au pembeni mwa njia ya mashambani, bado kimesimama kisima cha zamani chenye paa lake la mawe. Ukuta mfupi wa duara umezunguka shimo, juu yake pamejengwa kibanda, na upande mmoja upo mlango wa mbao uliokuwa ukifungwa ili jani, mnyama au mtoto asitumbukie. Aghalabu hakuna anayekunywa humo tena. Bomba liliingia katika nyumba nyingi za vijijini baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kisima kikabaki bila kazi. Hata hivyo hakikubomolewa. Wenyeji wamekisafisha na kukipandia maua, na baadhi ya visima vya namna hiyo vinalindwa kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 1913 inayohusu majengo ya kihistoria. Kwenye vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, kutoka Shasha kando ya Ziwa Kivu hadi njia za kwenda Walikale, yupo ndugu wa kisima hicho: chemchemi iliyojengwa na kufunikwa, ambayo maji yake yananywewa leo asubuhi na yatanywewa kesho. Huyo haheshimiwi na orodha yoyote. Kule kisima kimepoteza kazi kikapata heshima. Huku chemchemi ina kazi kubwa kuliko jengo lolote la kijiji, na heshima haina. Hoja yangu ni kwamba tumekosea hesabu kwa sababu tunadhani thamani ya chemchemi imo katika maji. Maji ni ya Mungu, yanatoka mlimani bila kutuomba ruhusa. Kifuniko ndicho cha watu. Ndani ya kifuniko mna makubaliano ya kijiji kizima, na makubaliano hayo yanastahili kuandikwa, kutunzwa na kuheshimiwa kama kumbukumbu ya kihistoria wakati yangali hai.

Tuanze na kazi yenyewe. Kiswahili huita chemchemi jicho la maji, na Kiarabu nacho hutumia neno moja, ayn, kwa jicho la mtu na kwa chemchemi. Ni pale ambapo maji yaliyosafiri chini ya ardhi, yakichujwa na udongo na mwamba, yanapotokea nje. Likiachwa wazi, jicho hilo hugeuka dimbwi: ng'ombe huingia, mvua huteremsha kinyesi na matope, na mama anayekuja kuchota hulazimika kukanyaga maji yaleyale atakayowanywesha watoto. Fundi anayelijenga huchimba kurudi nyuma mlimani hadi ayakute maji yakitoka kwenye udongo mgumu. Hapo hupanga mawe na kokoto safi, huyafunika kwa shitingi na udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, kisha hurudishia udongo wa kawaida na kupanda majani. Mbele husimamisha ukuta wa mawe na simenti, na katika ukuta hupitisha tiyo moja au mbili, kwa kimo ambacho bidoni ya lita 20 itakaa chini yake wima. Chini hutandaza mawe ili watu wasisimame katika matope, mfereji huchukua maji yanayomwagika, na upande wa juu huchimbwa mtaro wa kukinga maji ya mvua, halafu ua huzungushwa. Kazi ikiisha, jicho halionekani tena. Unaona tiyo na uzi wa maji, na unasikia sauti inayopanda kadiri bidoni inavyojaa. Fundi hupima nguvu ya chemchemi kwa kuhesabu sekunde za kujaza bidoni moja. Lakini mtaro hujaa udongo kila msimu wa mvua, ua huoza, mfereji huziba, ukuta hupasuka. Hakuna sehemu hata moja ya jengo hili inayojitunza yenyewe. Chemchemi iliyofunikwa miaka 10 iliyopita na ambayo bado inatoa maji safi leo ni ushahidi kwamba kwa miaka 10 kuna watu waliokubaliana, wakasimamia walichokubaliana.

Umuhimu wa makubaliano hayo katika Masisi unaonekana vizuri ukisimama Shasha. Kijiji kimekaa ukingoni mwa ziwa, kwenye barabara ya taifa namba 2 inayotoka Goma kupitia Sake kwenda Minova na Bukavu. Mbele yake kuna maji mengi kuliko yanavyoweza kutumiwa na vizazi vyote, na nyuma yake vilima vinavyotoa maji kidogokidogo. Mgeni angeshangaa kwa nini mtu apande mlima kutafuta uzi wa maji ilhali ziwa liko miguuni pake. Jibu liliandikwa kwa vifo mwezi Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika Goma na viunga vyake. Ardhi ilikuwa mwamba wa volkano. Jembe halikuweza kuchimba choo wala kisima. Ziwa lilikuwa pale pale, wazi, la kila mtu. Kipindupindu na kuhara damu vikaingia, na watafiti waliokusanya hesabu wakakadiria kwamba katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Tangu hapo kipindupindu kimekuwa kikirudi mara kwa mara kandokando ya Ziwa Kivu, hasa pale watu wanaposongamana ghafla. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na wakazi wa mitaa kadhaa ya Goma wakaamriwa kuhama, makumi ya maelfu walikimbilia Sake na kuendelea na barabara hiyohiyo ya ziwani, na hofu ya kwanza ya waganga ilikuwa maji. Wingi wa maji peke yake, basi, haumwokoi mtu. Kinachookoa ni mpaka kati ya maji na uchafu, na mpaka huo huchorwa kwa mikono ya watu.

Atakayetaka ushahidi wa hesabu, upo hapa hapa Afrika Mashariki. Magharibi mwa Kenya, wachumi Michael Kremer, Jessica Leino, Edward Miguel na Alix Peterson Zwane walifuatilia chemchemi karibu 200, wakilinganisha zilizojengwa mapema na zile zilizosubiri zamu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba kufunika jicho la maji kulipunguza vijidudu vya kinyesi kwenye chemchemi kwa asilimia 66, na kuhara kwa watoto wadogo kulipungua kwa takriban robo. Robo ya magonjwa ya watoto kwa ukuta wa mawe, tiyo na mtaro ni faida ambayo hospitali nyingi zingeionea wivu. Lakini utafiti uleule una takwimu ya pili inayopaswa kutufikirisha zaidi. Maji yalipopimwa yakiwa nyumbani, uchafu ulikuwa umepungua kwa asilimia 24 tu. Kati ya chemchemi na mtungi, sehemu kubwa ya usafi ilikuwa imemwagika njiani: bidoni isiyooshwa, kikombe kilichotumbukizwa na mkono wenye vumbi, mtungi uliobaki wazi usiku kucha. Wapo wanaoisoma takwimu hiyo kama hukumu dhidi ya chemchemi zilizojengwa, wakisema simenti imepotea bure. Mimi naisoma kinyume chake. Inatuambia kwamba kifuniko hakiishii ukutani. Kizibo cha bidoni ni kifuniko, sahani juu ya mtungi ni kifuniko, na mtoto aliyefunzwa kuchota kwa kikombe chenye mkono naye ni sehemu ya jengo lile. Simenti ilifanya kazi yake, na pale ilipokomea ndipo ilipoanza kazi ya watu.

Kama kifuniko kinaendelea mbele hadi mtungini, kinaendelea pia nyuma hadi mlimani. London ilijifunza hilo kwa uchungu mwaka 1854. Kisima cha mtaa wa Broad Street hakikuwa shimo wazi: kilikuwa na pampu, na maji yake yalisifiwa kwa ladha. Daktari John Snow alipofuatilia vifo vya kipindupindu aliona vimekizunguka kisima hicho, na mwezi Septemba mpini wa pampu ukaondolewa. Waliokufa katika mlipuko ule walizidi 600. Baadaye ukuta wa kisima ulipochunguzwa, ilionekana kwamba shimo la maji machafu la nyumba ya jirani lilikuwa chini ya mita 1 kutoka kisimani, na matofali yaliyotenganisha mashimo hayo mawili yalikuwa yameoza. Juu palifungwa, ubavuni palivuja. Somo hili linaihusu Masisi moja kwa moja, kwa sababu hapa anayekunywa chini na anayelima au kuchunga juu mara nyingi si mtu mmoja. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya taifa, na chini ya utaratibu huo malisho makubwa ya ng'ombe yalimilikishwa watu wachache katika vilima ambavyo wakulima wa kijijini waliviona kuwa vyao. Jicho la maji likiwa chini ya malisho, fundi anaweza kujenga ukuta mzuri kuliko wote, na bado ng'ombe, choo kilichochimbwa pasipofaa, au shamba la mikaratusi inayonyonya maji vikaliua jicho hilo. Kwa hiyo kamati ya maji yenye kufuli la ua tu ni mlinzi wa nusu ya mlango. Nusu nyingine ni mazungumzo na mwenye malisho. Mazungumzo hayo ni magumu kuliko simenti, na ndiyo maana mara nyingi hayafanyiki.

Kwamba kifuniko ni makubaliano si wazo jipya. Wakristo wa Kivu wanalo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 29. Yakobo anafika karibu na Harani, anakuta kisima shambani na makundi matatu ya kondoo yamelala kando yake. Mdomoni mwa kisima kuna jiwe kubwa. Anawauliza wachungaji kwa nini hawanyweshi, nao wanamjibu kwamba hawawezi mpaka makundi yote yakusanyike, ndipo jiwe livingirishwe. Wahubiri husimulia zaidi nguvu za Yakobo aliyelisukuma jiwe peke yake alipomwona Raheli. Wachungaji walionyamaza kando ya kisima wanatufundisha zaidi. Jiwe zito namna ile lilikuwa sheria isiyohitaji karani: kundi lililofika kwanza lisingeweza kuyamaliza maji kabla ya kundi lililochelewa, kwa sababu uzito wa jiwe ulilazimisha wote wawepo. Pwani ya Waswahili nayo ilikuwa na utaratibu wake. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliona visima vifupi mlangoni pa misikiti, vikichotwa kwa chombo cha mbao chenye mpini, na eneo la kuzunguka kisima na msikiti likiwa limesakafiwa. Anayeingia huosha miguu, kisha huisugua kwenye mkeka. Mpini uliweka mkono mbali na maji. Sakafu ilizuia matope. Mkeka uliwakumbusha watu kwamba hapo ni mahali pa adabu. Msafiri yule aliona vema kuviandika, maana alitambua kwamba namna mji unavyochota maji ndiyo namna unavyoishi.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito, ni kwamba kuisifu chemchemi ni kuusifu umaskini. Mwanamke wa Masisi anayebeba lita 20 kichwani akipanda mlima hahitaji tafakari. Anahitaji robine nyumbani, kama mwanamke wa Ufaransa aliyekiacha kisima chake bila kulia. Nakubali. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, imehakikisha haki ya kupata maji ya kunywa, na Umoja wa Mataifa uliitambua haki hiyo tarehe 28 Julai 2010. Haki haitimizwi kwa kuwaambia watu wapende mlima wao. Lakini tuulize tiyo hiyo ingeanzia wapi. Katika nchi ya vilima, mtandao wa maji ulio nafuu ni ule unaoteremka kwa uzito wa maji yenyewe, na kichwa chake ni jicho la maji lililofunikwa huko juu. Anayetaka robine anataka chemchemi, ila anaitaka ifike mlangoni. Tena yametokea mambo yanayotuonya tusiweke imani yote katika mashine. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme ulikatika, maji yakakatika katika sehemu kubwa ya mji, na watu wakarudi ziwani na bidoni zao. Mji wenye pampu ulijikuta pale ulipokuwa mwaka 1994. Chemchemi haina waya wa kukatwa. Inatoa maji usiku na mchana, serikali ikiwepo au isipokuwepo. Robine na ije, na ikija tusiubomoe ukuta ule wa mlimani.

Pingamizi la pili ni la haki. Jicho likiwa wazi, wasema baadhi, maji ni ya wote. Likijengwa, huja kufuli, zamu, ada ya kila mwezi na mwenyekiti mwenye ufunguo. Kwao kifuniko ni mwanzo wa umiliki. Kuna kweli hapa ambayo haifai kufichwa. Wanaochota ni wanawake na watoto, na wanaokaa kwenye kamati mara nyingi ni wanaume ambao mabega yao hayaijui bidoni. Mkimbizi aliyefika jana hana daftari la ada, na kiu yake haisubiri mkutano. Hata hivyo ni vema kuuliza maji yaliyo wazi ni ya nani hasa. Ni ya anayefika kwanza, ya mwenye ng'ombe wengi, ya mwenye nguvu, na katika miaka ya vita ni ya mwenye bunduki. Uwazi huwapendelea wenye uwezo wa kuchukua. Jiwe la Harani lilikuwepo kwa ajili ya mchungaji wa mwisho kufika. Kwa hiyo jibu la dhuluma ya kamati ni kamati iliyo bora: wanawake wanaochota ndio washike ufunguo, hesabu isomwe mbele ya watu, na mgeni apewe maji kwanza, masharti baadaye. Masisi inaishi na Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanyanga na wengine, na tangu vita vya mwaka 1993 vilivyoanzia Walikale na kusambaa hadi Masisi, mahali ambapo watu wa jamii hizo hupanga foleni moja ni pachache. Foleni ya maji ni mojawapo. Anayeilinda haki ya foleni hiyo anafanya kazi ya amani, hata kama hakuna anayemlipa kwa jina hilo.

La tatu ni pingamizi la wanaojua miradi. Chemchemi nyingi, wanasema, zilijengwa kwa fedha za mashirika. Kibao chenye nembo kikapigiliwa ukutani, picha ikapigwa, na miaka michache baadaye tiyo ikaziba na ukuta ukapasuka. Basi makubaliano ya kijiji yako wapi? Wanachokieleza ni kweli, na nadhani kinaithibitisha hoja yangu kuliko kinavyoipinga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kibao cha mfadhili humtaja aliyetoa simenti, na ni haki atajwe. Lakini hakimtaji aliyebeba mawe kutoka mtoni, aliyechimba mtaro, mzee aliyeitoa ardhi yake, wala mama aliyejua tangu utotoni kwamba jicho lile halikauki hata kiangazi. Wasipotajwa, kitu hubaki cha mgeni, na cha mgeni kikiharibika husubiriwa mgeni arudi. Kisima cha Kifaransa kilidumu kwa sababu kijiji kilikiita chetu kwa vizazi kadhaa kabla serikali haijakiita urithi. Kongo haijakosa mila ya namna hiyo. Neno salongo, ambalo wakati wa Mobutu lilikuwa amri ya juu, limebaki vijijini na mitaani kuwa jina la kazi ya pamoja ya kusafisha na kutengeneza. Salongo inayozibua mtaro wa chemchemi ni kifuniko kinachojengwa upya kila mara, na hakuna mfadhili awezaye kuifanya kwa niaba ya wenyeji.

Pingamizi la mwisho ni lile linaloumiza: watu wanakufa na kukimbia, nani ana nafasi ya kufikiria kumbukumbu za kihistoria? Februari 2024 mapigano yalifika Shasha yenyewe na barabara ya ziwani ikakatika. Kumwambia mtu aliyeikimbia nyumba yake kwamba ukuta wa chemchemi ni urithi kunaweza kusikika kama kumpa jiwe aliyeomba mkate. Lakini kitabu cha Mwanzo, katika sura ya 26, kinaonyesha kwamba vita na visima vimefuatana tangu kale. Wafilisti walivifukia kwa udongo visima vilivyochimbwa siku za Ibrahimu, kwa maana ukikifukia kisima cha mtu umemwambia ahame na asirudi. Isaka akavifukua na kuvirudishia majina aliyovipa baba yake. Watu wake walipochimba vingine, cha kwanza waligombania wakakiita Eseki, yaani ugomvi. Cha pili Sitna, uadui. Cha tatu hakikugombaniwa, wakakiita Rehobothi, nafasi. Sheria ya vita ya zama zetu imeandika jambo lilelile kwa lugha yake: Itifaki ya Pili ya Geneva ya mwaka 1977, kifungu cha 14, inakataza kushambulia au kuharibu mitambo na akiba za maji ya kunywa za raia. Sheria hiyo inapokuwa mbali na kilima, jina huweza kusaidia. Kitu kisicho na jina wala tarehe ni rahisi kukiharibu na ni rahisi kukisahau. Zaidi ya hayo, anayerudi kutoka kambini haulizi kwanza kama shule ipo. Anauliza kama maji yapo. Chemchemi iliyotunzwa ni ruhusa ya kurudi. Ndiyo maana naikataa rai kwamba urithi ni anasa ya wakati wa amani.

Sheria zinazohitajika hazikosekani. Kongo ina sheria ya tarehe 15 Machi 1971 ya kulinda mali za utamaduni, na sheria namba 15/026 ya maji, iliyotiwa saini tarehe 31 Desemba 2015, miaka 102 kamili baada ya ile ya Wafaransa ya majengo ya kihistoria. Moja inaangalia mambo ya kale, nyingine inaangalia maji, na chemchemi iliyofunikwa imesimama katikati bila mwenyewe. Haifai tusubiri iwe gofu ndipo tuipende. Machifu wa vijiji, walimu, wachungaji wa makanisa na maimamu wa Masisi na Walikale wanaweza kuanza bila kibali cha Kinshasa: daftari moja kwa kila kijiji, ukurasa mmoja kwa kila jicho la maji, na humo jina lake la asili, mwaka lilipofunikwa, majina ya waliobeba mawe, sekunde za kujaza bidoni wakati wa masika na wakati wa kiangazi, mpaka wa eneo lisilochimbwa choo wala kuchungwa ng'ombe, na sahihi ya mwenye shamba la juu. Ukurasa huo utakuwa ushahidi siku ya mgogoro, kipimo siku ya ukame, na ramani siku ya kurudi. Nawe msomaji, kama kwenu kuna chemchemi iliyojengwa, salongo ijayo isianzie barabarani. Ianzie juu ya jicho la maji, kwenye mtaro uliojaa udongo, kabla mvua haijanyesha.